Kivuli cha mwamba: barua ya wazi kuhusu urujuani wa Usambara

Kwa: Waziri mwenye dhamana ya misitu, Kamishna wa Uhifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), Mkurugenzi Mkuu, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), Mkuu wa Mkoa wa Tanga, na wakurugenzi wa halmashauri za Muheza, Mkinga, Korogwe na Jiji la Tanga.

YAH: KULINDA MIAMBA YENYE URUJUANI WA USAMBARA PAMOJA NA MITI INAYOITIA KIVULI

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuomba jambo moja, nalo halihitaji sheria mpya. Tunaomba kila mwamba wenye urujuani wa Usambara katika Mkoa wa Tanga upewe namba na mpaka, na miti inayoutia kivuli mwamba huo ihesabiwe kuwa kitu kimoja na mmea wenyewe. Leo hifadhi hupimwa kwa hekta na kwa idadi ya magogo. Mmea huu hauishi kwenye hekta. Huishi kwenye uso wa jiwe wenye upana wa chumba, pengine upana wa mlango tu, na miti miwili mitatu ikiondolewa upande wa jua kali, mimea yote ya hapo huweza kuungua katika kiangazi kimoja bila mkono wa mtu kuugusa hata jani.

Kuhusu jina, tulimalize mapema. Wauza maua duniani huuita urujuani wa Afrika, ila hauna undugu na urujuani halisi wa jenasi Viola. Huu ni wa familia ya Gesneriaceae. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya huku Tanga, aliutuma kwao Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen akaupa jina Saintpaulia ionantha, neno la pili likiwa na maana ya "wenye maua kama ya urujuani". Mkanganyiko wa jina ulianzia hapo. Mwaka 1927 shamba moja la maua la Los Angeles liliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, likachagua miche 10 iliyo bora, na kutoka hiyo ikaenea biashara ya maua ya chungu ambayo leo imefika karibu kila nchi. Kwa hiyo kuna watu mamilioni wenye kitukuu cha mmea wa Tanga dirishani. Bibi yake bado yuko kwenye mawe ya Usambara na kando ya Mto Zigi, naye ndiye tunayemtetea.

Tuuangalie mmea kwa karibu, maana madai yetu yote yanatoka hapo. Majani ni manene, yenye manyoya laini juu na chini, nayo hujipanga duara na kulala juu ya jiwe. Mizizi ni nyuzi nyembamba zinazoingia sentimeta chache tu kwenye kuvumwani, ule utando wa kijani laini kama zulia, na kwenye mboji kidogo iliyokusanyika ndani ya ufa. Chini ya hapo ni jiwe tupu, hakuna udongo wa akiba. Maji yake ni ukungu, matone yanayodondoka kutoka kwenye matawi ya juu, na unyevu unaochuruzika polepole kwenye uso wa mwamba. Jani huweka akiba ndogo ya maji, ndiyo maana Januari na Februari utaukuta mmea umenywea, majani yamejikunja, kisha masika yakianza unanyanyuka tena. Wengi wakiona hivyo husema mmea huu ni mgumu, hauna haja ya kuhangaikiwa. Ugumu huo upo, ila una mpaka wake: huvumilia ukame wa kivulini, hauvumilii ukame wa juani.

Ua lina petali tano za zambarau na katikati vichavulio viwili vya njano, vinavyoonekana hata kwenye giza la msitu saa kumi jioni. Halina asali ya kumpa mdudu. Nyuki wa mwituni hulijia kwa ajili ya chavua, na chavua yenyewe imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo. Nyuki hulikumbatia ua, akatetemesha misuli ya mabawa kwa mvumo mkali, na unga ukamwagika kama kutoka kwenye chekecheke. Kijiti cha kike kimepinda pembeni, katika baadhi ya maua upande wa kushoto na katika mengine upande wa kulia, hivyo chavua iliyoshika ubavu mmoja wa nyuki hufikishwa kwenye ua lililopinda kinyume. Ni mpangilio mzuri ajabu, na unategemea nyuki afike. Mwamba uliobaki peke yake katikati ya shamba linalopigwa dawa ya wadudu asubuhi, wakati maua yako wazi, unaweza kuchanua msimu mzima usitoe tunda.

Mbegu ni vumbi. Tunda moja dogo lina mbegu nyingi, na zote kwa pamoja hazijazi ncha ya kijiko. Haziwezi kuota zikifukiwa; lazima zitue juu ya kuvumwani chenye unyevu na zipate mwanga hafifu. Mche unaoota huanza ukiwa mdogo kama kichwa cha pini, na wiki za mwanzo saa chache za jua la moja kwa moja zinatosha kuukausha. Jambo hili ndilo huwadanganya wakaguzi. Mmea mkubwa una akiba kwenye jani na kwenye shina lililo nene kiasi. Kivuli kikipungua kidogo unaweza kuendelea kuishi miaka kadhaa, ukachanua hata zaidi ya mwanzo kwa sababu ya mwanga ulioongezeka. Mkaguzi akipita anaona majani ya kijani na maua, anaandika "hali nzuri". Kumbe hakuna mche mchanga hata mmoja. Mwamba huo una wazee watupu, na kila mzee anayeanguka hana wa kuchukua nafasi yake.

Yanayoumaliza mmea huu ni mengi, lakini karibu yote hupitia mlango mmoja, kuondoka kwa kivuli na unyevu.

Kukata mti juu ya mwamba ndilo kosa la kawaida zaidi, na mara nyingi mkataji hajui kama chini kuna kitu. Mti wenyewe ukianguka huparua kuvumwani; jua humalizia kilichobaki. Mbaya kuliko kukata mti uliosimama pembeni ni kukata ulio upande wa juu wa mteremko, maana pale ndipo maji yanayochuruzika kwenye mwamba yanapotoka. Ukifyeka mita 30 juu ya jiwe, mvua ya masika itashuka kwa kasi na tope, itachubua ufa wote, kisha kiangazi mwamba utakuwa mkavu kabisa. Mmea hupata hasara mara mbili katika mwaka mmoja.

Kilimo cha iliki chini ya msitu kinahitaji kutazamwa kwa haki. Mkulima wa iliki huacha miti mikubwa, hivyo kwenye picha ya angani msitu unaonekana mzima. Anachoondoa ni vichaka vya chini na miti michanga. Unyevu wa karibu na ardhi hushuka, upepo hupita, na baada ya miaka kadhaa udongo ukichoka shamba huachwa bila kizazi kipya cha miti ya kurithi ile mikubwa. Hatuombi wakulima wafukuzwe. Tunaomba mipaka ya mashamba ya viungo, iwe iliki, mdalasini au pilipili manga, isogezwe kutoka kwenye miamba iliyoorodheshwa, na mkulima anayepoteza mashina yake alipwe kabla ya kutakiwa kuondoka. Fidia inayochelewa huzaa uadui na msitu, na mwamba hauna askari wa kuulinda usiku na mchana. Mlinzi wake ni jirani yake.

Musizi, yaani Maesopsis eminii, ni shida ya aina nyingine. Mti huu uliletwa Amani, huko Usambara Mashariki, enzi za Wajerumani, ukaenea sana baada ya ukataji wa mbao kwa mitambo, na hondohondo wanazipeleka mbegu zake mbali kwa sababu wanayapenda matunda yake. Hukua haraka, hupukutisha majani, huzeeka mapema na kuanguka, kila anguko likiacha tundu kwenye mwavuli wa msitu. Wapo wanaopendekeza yote imenywe magome ife mara moja. Karibu na miamba yenye urujuani hilo litakuwa janga, kwa sababu kuna sehemu ambazo musizi ndio kivuli pekee kilichobaki. Utaratibu tunaoupendekeza ni huu: ndani ya ukanda wa mwamba, panda kwanza miti ya asili inayostahimili kivuli, ikiwa imekuzwa kitaluni kutokana na mbegu za msitu uleule, subiri ifike urefu wa mtu mzima, ndipo umenye gome kuzunguka shina la musizi mmoja kati ya watano kwa mwaka, ukianza na ile iliyo mbali na upande wa jua la mchana. Kumenya ni bora kuliko kuangusha, kwa sababu mti hufa umesimama na kivuli hupungua taratibu. Ila usimenye unaoegemea mwamba, ukioza utaangukia hapohapo. Ule ukatwe vipande kwa kamba kuanzia juu.

Kwenye matundu ya mwanga huingia pia vichaka vya kigeni, Clidemia hirta na lantana. Hizi zing'olewe kwa mkono siku mbili tatu baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Dawa ya kuua magugu isitumike kabisa ndani ya ukanda, kwa kuwa manyoya ya jani la urujuani hunasa kila tone.

Chini, karibu na bahari, adui ni machimbo ya chokaa. Maelezo ya mwanzo kabisa ya mmea huu yalitaja miamba ya chokaa karibu na Tanga pamoja na misitu ya juu Usambara. Chokaa ya ukanda wa Amboni ni ya zama za Jura, na saruji inaihitaji. Tunalijua hilo na hatusemi viwanda vifungwe. Tunachosema ni kwamba jiwe la chokaa lenye kivuli cha msitu ni dogo mno ukilinganisha na chokaa yote iliyopo, na linaweza kuachwa. Baruti ikipigwa jirani, madhara hayaishii kwenye jiwe lililopasuka. Vumbi hutua kwenye manyoya ya majani, na kwa kuwa mmea umekaa chini ya ukingo wa mwamba, mvua haiupigi moja kwa moja kuuosha. Jani lililovaa vumbi la chokaa msimu mzima hupata mwanga pungufu mahali ambapo mwanga ulikuwa tayari haba. Wenzetu wa Kenya wana somo hilohilo Kilifi, ambako tawi la mmea huu liitwalo rupicola linashikilia miamba michache ya chokaa maeneo ya Mwarakaya na Cha Simba, nalo limo kwenye kundi la mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka.

Uchimbaji wa dhahabu kwenye vijito tutaugusa kwa ufupi kwa sababu sheria yake iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Miamba mingi yenye urujuani iko ndani ya mita hizo. Ikisimamiwa kama ilivyoandikwa, sehemu kubwa ya tunachoomba tayari tunayo.

Sasa tuje kwenye makaratasi, ambako mmea huu hupotea bila panga wala baruti. Kati ya miaka ya 1940 na 1960 wataalamu walitoa majina mengi ya spishi, mengine kwa mahali ulipookotwa, kama tongwensis wa Mlima Tongwe na magungensis wa Magunga. Mwaka 2006 sehemu kubwa ya majina hayo yalikunjwa ndani ya spishi moja, ionantha, yenye nususpishi kadhaa. Mwaka 2015 jenasi nzima ya Saintpaulia ikahamishiwa ndani ya Streptocarpus, hivyo jina la sasa ni Streptocarpus ionanthus. Kisayansi hatuna ugomvi na hilo. Ugomvi wetu ni matokeo yake kwenye Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Mshauri anayetafuta "Saintpaulia" kwenye orodha mpya haipati. Anayetafuta jina jipya kwenye ripoti za zamani za misitu hapati kitu. Wote wawili wanaandika kwamba hakuna mmea adimu eneo la mradi. Na hata jina likipatikana, hoja inayofuata ni kwamba spishi hii ipo pia kwingine, kwa hiyo mwamba mmoja ukipotea si neno. Mwamba mmoja ni neno. Mimea ya Tongwe haiwezi kuwa ya Magunga kwa sababu tu imepewa jina moja. Ina maumbile yake ya majani, ua na ustahimilivu, na ukiifuta hakuna kwingine pa kuichukua. NEMC ielekeze kwamba tathmini yoyote katika wilaya za Tanga zenye misitu ya milimani na ya pwani iandike majina yote mawili, la zamani na jipya, itaje mwamba kwa namba, na ifanyike kwa kutembelea eneo mara mbili: mwisho wa kiangazi na baada ya masika.

Mara mbili, kwa sababu hesabu ya msimu mmoja hudanganya. Februari majani yamenywea, mimea midogo haionekani, na mhesabuji hupata pungufu. Juni kila kitu kimenenepa. Ripoti inayolinganisha hesabu ya Februari mwaka huu na ya Juni mwaka jana itatangaza msiba ambao haupo. Ikifanya kinyume chake itatangaza neema ambayo haipo. Februari ilinganishwe na Februari, Juni na Juni, kwenye uso uleule wa mwamba.

Namna ya kuhesabu isiwe ya kitaalamu mno, ili askari wa hifadhi na kamati ya maliasili ya kijiji waweze kuifanya bila kumsubiri mtafiti. Kwa kila mwamba chukueni viwianishi vya GPS, picha moja kutoka sehemu ileile kila mara (wekeni alama ya rangi kwenye jiwe au mti wa kusimamia, siyo kwenye mwamba wenye mimea), na dira kuonyesha uso wa mwamba unaelekea wapi. Halafu gaweni mimea mafungu matatu: michanga ambayo jani lake kubwa halizidi sentimeta moja, ya kati isiyo na maua wala matunda, na iliyokomaa, yenye maua, matunda au mabua yake makavu. Namba ya kutazamwa kwanza ni ya fungu la michanga. Ikiwa sifuri kwa misimu miwili mfululizo ya Juni, mwamba huo unahitaji kuangaliwa kivuli chake mara moja, hata kama iliyokomaa ni mingi na inapendeza. Msipande kwenye mwamba ili kuhesabu vizuri zaidi. Kiatu kimoja kikiteleza hubandua kuvumwani cha miaka mingi. Tumieni darubini ndogo ya mkono kwa sehemu za juu, na kubalini makadirio.

Ukanda wa kinga tunaopendekeza ni mita 50 kutoka ukingo wa mwamba pande tatu, na mita 100 upande wa juu wa mteremko. Ndani yake kusiwe na kukata, kulima, kuchoma mkaa, kupitisha njia mpya wala kuokota kuni zilizosimama. Kuni zilizoanguka zinaweza kuruhusiwa kwa wanakijiji kwa siku maalumu, maana tukikataza kila kitu tutakuwa tumekataza kwa karatasi tu. Penye mwamba ulio nje ya hifadhi ya Serikali, kijiji kinaweza kuutangaza kuwa sehemu ya msitu wa hifadhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Halmashauri zina maofisa misitu wanaojua utaratibu huo. Wanachokosa ni agizo na mafuta ya pikipiki.

Kuna ushauri mmoja ambao hutolewa kwa nia njema na tunauomba ukataliwe kila utakapotajwa, yaani kuuhamisha mmea. Mwekezaji huahidi kwamba kabla ya kuvunja jiwe atang'oa mimea yote na kuipanda mwamba mwingine. Tayari tumesema mizizi yake haiingii zaidi ya sentimeta chache. Ukiung'oa, unaacha nyuma kile kilichokuwa kinauwekea maji, yaani kuvumwani na mboji ya ufa ule. Ukiubandika kwenye jiwe jingine, masika utauona unapendeza, wapiga picha watakuja, ripoti itaandikwa. Kiangazi kinachofuata utakuta mingi imeanguka chini ikiwa mikavu. Na kama lile jiwe jipya lingekuwa linafaa, kwa kawaida lingekuwa na urujuani wake tayari, na hapo utakuwa umechanganya damu za sehemu mbili. Kuhamisha kusihesabiwe kuwa fidia ya uharibifu kwenye kibali chochote.

Akiba ya nje ya msitu tunaiunga mkono, mradi ifanywe kwa mbegu na kwa hesabu. Wengi hupenda njia ya jani kwa sababu ni rahisi: kata jani lenye kikonyo cha sentimeta 3, ukate kwa mshazari, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji ya majani, weka kivulini penye unyevu, na baada ya wiki 6 hadi 8 vichipukizi vitatokea chini ya kikonyo. Lakini kila kichipukizi ni mmea uleule uliotoa jani. Vyungu 50 kutoka jani moja ni mmea mmoja uliojirudia mara 50. Ugonjwa ukiupata mmoja utaipata yote. Jani litumike tu pale mwamba umebakiwa na mimea michache isiyotoa matunda.

Mbegu hukusanywa hivi. Subirini tunda ligeuke kahawia na kukauka likiwa bado kwenye bua. Likichumwa bichi mbegu hazijakomaa. Hapa subira inahitajika, maana tangu ua kunyauka hadi tunda kukauka hupita miezi kadhaa. Msichukue zaidi ya tunda moja kati ya kumi kwenye mwamba. Kila mmea mama uwe na bahasha yake ya karatasi, isiwe ya plastiki kwa sababu unyevu ukifungiwa huleta ukungu. Kwenye bahasha andikeni namba ya mwamba, tarehe, mwinuko kutoka usawa wa bahari na idadi ya mimea iliyokomaa siku hiyo. Kaushieni kivulini, kisha sehemu moja iende benki ya taifa ya nasaba za mimea kule Arusha na nyingine ioteshwe. Kuotesha ni kunyunyiza juu ya mboji iliyochujwa, bila kufukia hata kidogo, na kumwagilia kwa kuloweka chombo kutoka chini. Maji yakimwagwa juu hubeba mbegu zote pembeni, na baadaye hukaa katikati ya majani na kuozesha moyo wa mmea. Maji ya baridi yakidondokea jani huacha mabaka ya njano ambayo wengi huyadhania ni ugonjwa.

Bustani ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902, ni mahali pa haki pa kitalu cha mimea ya juu. Ya chini, ya chokaa na ya Zigi karibu na bahari, itunzwe huku chini Tanga, katika joto iliyolizoea. Vitalu vyote viwili visiruhusu hata chungu kimoja cha urujuani wa dukani kuingia. Mimea hii huzaana kwa urahisi sana baina yake, na chotara la madirishani likichanua karibu na msitu, nyuki hawajui mpaka. Hoteli na nyumba za wageni zilizo ndani na jirani ya hifadhi zielezwe hivyohivyo: wasipambe baraza kwa maua ya dukani ya aina hii.

Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida itokanayo na rasilimali za vinasaba, iliyoanza kutumika mwaka 2014, haiwezi kurudisha chochote kwa mbegu zilizoondoka mwaka 1892. Inahusu zinazoondoka sasa. Kwa hiyo kila kibali cha utafiti kinachoruhusu mbegu, jani au sampuli ya vinasaba vya mmea huu kutoka nje kitaje mwamba kwa namba na kieleze kijiji kilichouhifadhi kitapata nini. Wanaookota kwa kuuza barabarani nao wasisahaulike: kisheria mazao ya misitu si magogo peke yake, na mche uliong'olewa ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa kama ubao.

Tuongeze la mwisho kwa Jiji la Tanga, ambalo huenda likaona barua hii ni ya watu wa milimani. Mto Zigi unaanza kwenye misitu hiyo ya Usambara Mashariki na kushuka hadi bwawa la Mabayani, linalolipatia jiji maji ya bomba. Mwamba unaochuruzika mwaka mzima chini ya kivuli ni sehemu ya chanzo hicho. Askari akikuta urujuani mchanga umeota kwenye jiwe la kijito mwezi wa Februari, amekuta ushahidi kwamba maji bado yapo juu. Akikuta wazee watupu, au kuvumwani kilichogeuka kahawia na kubanduka kwa kidole, ana habari ya kuipeleka kwa mamlaka ya maji pia.

Kazi ya kwanza ni orodha. Maofisa wa misitu wa wilaya, viongozi wa vijiji na wataalamu wa mimea wa vyuo vyetu wakikaa pamoja wanaweza kuandaa rasimu ya miamba inayojulikana kutokana na kumbukumbu za hebaria, yaani hazina za mimea iliyokaushwa, na maarifa ya wenyeji, kisha kuihakiki kwa miguu Februari na Juni zinazofuata. Viwianishi kamili visichapishwe hadharani, vibaki TFS, NEMC na kwa kijiji husika, ili orodha isiwe ramani ya wezi wa mimea. Hadi uhakiki ukamilike, tunaomba vibali vipya vya kuvuna miti na kuchimba chokaa visitolewe ndani ya mita 100 kutoka mwamba wowote uliotajwa kwenye rasimu.

Tunawasilisha.

Wapenzi na wataalamu wa mimea ya misitu ya pwani na Usambara